Walipomficha Mdogo Wangu

Tetesi za usajili zikianza, mimi nazima data. Wateja wangu wamekwisha kunizoea. Mtu akiingia kibandani kwangu pale Msalato na kitenge chake mkononi, akaanza, "Dada, vipi, dogo anabaki au anahama?", namkatia palepale: sema unataka mshono gani, au nenda kwa fundi mwingine. Wengine hucheka. Wengine husema kichwa kimenivimba kwa sababu mdogo wangu anaonekana kwenye televisheni. Waseme tu. Ila leo nimeamua kueleza mara moja, nikimaliza nisiulizwe tena.

Kwetu ni Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Mama alitutoka mdogo wangu akiwa bado ananyonya, na mimi nikiwa msichana wa shule ya msingi. Yule mtoto nimembeba mgongoni kabla sijajua hata kusonga ugali ukaiva. Baba hakuoa tena. Alikuwa mtu wa maneno machache shambani na maneno mengi kwenye mpira. Kanisani angeweza kukosa akiumwa, lakini mechi ya timu yake hakuikosa, labda betri za redio ziishe, na hapo angekwenda kusimama dirishani kwa jirani.

Nchi hii, anayeijua anajua, ina timu mbili kubwa, na kila mtu anakuta ameshazaliwa upande mmojawapo. Wa upande wa pili ni watani. Ukifungwa watakuja kukucheka mpaka mlangoni, ukifiwa watakuja kukuchimbia kaburi. Baba alikuwa na kadi ya tawi la timu yake, na kofia ya timu yake, ambayo ilipauka jua mpaka ukawa huijui tena rangi. Sitazitaja hizo timu. Mwenye akili ataelewa, na asiyeelewa hajapungukiwa kitu.

Mdogo wangu alikuwa winga wa kushoto, anachezea timu moja ya hapa mjini Dodoma, na msimu ule mguu wake ulikuwa umewaka moto. Ligi haijaisha, kurasa za michezo zikaanza. Leo "anatua" kwa hawa, kesho "amemalizana" na wale, na kila mwandishi ana vyanzo vya uhakika. Mimi ninayemfulia soksi sijui kitu, wao wanajua. Baba alikuwa ananiagiza nimsomee kila kitu kwenye simu yangu asubuhi kabla hajaenda shambani, akifurahi timu yake ikitajwa, akitema mate pembeni watani wakitajwa.

Watani ndio waliowahi. Gari lenye vioo vyeusi lilikuja likasimama kando ya shamba letu, akashuka mtu wa kamati yao ya usajili, mtu mpole, viatu vinang'aa, akamwamkia baba shikamoo kwa adabu zote. Kwa asiyejua mambo haya, niseme: mchezaji akishakubaliana na timu kabla dirisha la usajili halijafunguliwa vizuri, wanamficha. Wanampeleka kwenye nyumba asiyoijua mtu, wanamnyang'anya simu, anakula, analala, anafanya mazoezi uani, mpaka siku ya kutambulishwa. Wasipofanya hivyo, upande wa pili watamwiba. Ni mambo ya kawaida kabisa, hata wazazi huona ni heshima mtoto wao akifichwa, maana asiyefaa hafichwi.

Baba hakukubali na hakukataa. Alisema tu, "Mtoto amekua, ataamua mwenyewe," kisha akaenda kusimama kwenye zabibu zake akiwa ametupa mgongo. Mdogo wangu aliaga akiwa ameinamisha macho. Yule mtu wa kamati alimwambia mbele yangu, wakati anafunga begi, "Watakutafuta kwa kila njia. Watakwambia nyumba imeungua, watakwambia mzee anaumwa. Usiamini kitu mpaka ukisikie kwangu." Akaniachia na mimi namba yake, akasema nikiwa na shida yoyote nipige. Niliona ni mtu mwema. Mpaka leo sijui nimwiteje.

Gari halijapoa huko lilikokwenda, wakaja watu wa tawi la baba. Walikuja na kahawa, wakaja na maneno matamu, wakaketi. Walichotaka ni kidogo, walisema. Baba akubali tu isemwe kwamba yuko mahututi, au hata kwamba amefariki, kijana atoke huko alikofichwa, wao watamngoja njiani, na akishasaini kwao kila mtu atacheka. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko. Nilitoka na mwiko huohuo.

Baba alinizuia kwa mkono. Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Yaani mniue mimi kwa ajili ya winga wa kushoto?" aliwauliza. "Na mkitaka golikipa si mtazika ukoo mzima?"

Waliondoka wakicheka na wao. Nikadhani yameisha. Kumbe wapi! Kesho yake asubuhi nimefungua kibanda, mteja akaniangalia kama ameona mzimu. "Dada, umekuja kazini? Si tumesoma mzee amefariki?" Ilikuwa imezagaa kwenye kila kundi la simu, picha ya baba na kofia yake, na mishumaa miwili pembeni. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda nikilia njia nzima, japo nilikuwa nimemwacha mzima. Nilimkuta kwenye mizabibu na mkasi wake. Nilimkumbatia mbele ya vibarua wake, jambo ambalo kwetu mtu mzima hamfanyii baba yake, na yeye akasimama tu amenyoosha mikono pembeni asijue aiweke wapi.

Ndipo yule wa kamati akanipigia. Habari zimemfikia, anaomba uthibitisho, kijana amepata wasiwasi. Baba akasema, "Lete hiyo simu yako, unipige video." Akavaa kofia vizuri. Akachuma kishada cha zabibu, akala moja, akaangalia kwenye simu.

"Mbukwenyi," alisalimia, salamu yetu Wagogo. "Nasikia nimekufa. Sijafa, ninakula zabibu. Mwanangu, tulia huko ulikofichwa. Ila ukisaini kwa watani, siku nikifa kweli usije kunizika. Hawa hawa wa tawi langu watanitosha."

Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimtumia yule wa kamati ile video, akaniambia kijana ameiangalia, amecheka, amerudi mazoezini. Sijui nani aliitoa kwake ikaingia mitandaoni. Siku mbili zile baba akawa mtu maarufu. Watangazaji wa redio wakaiga sauti yake, watu wakawa wanapita shambani kupiga naye picha, na yeye anawagawia zabibu zilizokuwa za kuuza. Nilimgombeza. Akanijibu kwamba mtu hafufuki kila siku.

Wiki ile haikuisha. Ilikuwa ile baridi ya Dodoma ya katikati ya mwaka, yenye upepo unaopiga mpaka meno. Baba alikuwa na presha ya muda mrefu na dawa alizokuwa anazinywa akijisikia. Alirudi kutoka shambani mapema, jambo ambalo hakuwa nalo, akakaa kwenye kiti chake ukutani palipo na jua, akasema kifua kimembana, nimpe maji. Nikampa. Nikakimbia barabarani kutafuta bajaji. Tulimpakia mimi na jirani, nikawa nimemwegemeza begani kwangu, namsemesha, nikamwambia avumilie tunafika. Alikata roho kabla ya kituo cha afya. Dereva alikuwa ameshajua, mimi bado nilikuwa namsemesha.

Mwili tuliurudisha nyumbani. Kabla sijavua hata viatu, nilimpigia yule wa kamati.

"Kaka, baba amefariki. Naomba uniunganishe na mdogo wangu."

Akacheka, tena kwa upole kabisa. "Dada yangu, nakuheshimu sana. Lakini hii tulishaimaliza juzi."

Nilimwambia ile ya juzi haikuwa yetu. Nilimwambia mwili uko ndani, wanawake wanalia, asikilize. Nikatoa simu dirishani asikie vilio. Niliporudisha simu sikioni akasema hata juzi kuna mtu alimpigia akamsikilizisha vilio. Nilimwapia kwa jina la marehemu mama. Akasema, "Basi dada, tusibishane. Nitumie picha ya mzee alivyolala. Nikiiona, saa hiyohiyo namtia kijana kwenye gari."

Niliingia chumbani na simu. Baba alikuwa amelazwa kitandani kwake, amefunikwa shuka la kanisani. Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa amekaa pale peke yake. Nikamweleza ninachotaka kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yule mtu akishaiona, ataipeleka wapi?"

 Wote tulikuwa tumeona ile video ilikofika. Nilijua ile picha ingekuwa kwenye kila simu ya nchi hii kabla ya jua kuzama, na mishumaa miwili pembeni, na watu chini yake wakibishana kama ni ya kweli au ya kutengeneza, wakimkuza uso kwa vidole. Nilifunua pembe ya shuka. Alikuwa na mdomo wazi kidogo, taya halijafungwa kitambaa. Nilishika simu vile kwa muda, kisha nikaiweka mfukoni, nikatafuta kitambaa, nikamfunga taya.

Watu huniambia ningepiga tu. Huenda ningepiga. Kuna siku nashona huku nasema moyoni, ungepiga wewe mwanamke, ungepiga, mtoto angekuja. Na kuna siku najiona nilifanya la haki, maana baba yangu hakuwa mzigo wa kuthibitishwa. Sijawahi kukaa upande mmoja kwa wiki nzima.

Tuliandika mtandaoni. Vijana wa kanisani waliweka tangazo la msiba, wakaweka na ratiba ya mazishi. Unajua watu walijibu nini? Walijibu kwa ile video. Mmoja akaiweka, wengine wakaifuata, baba yangu anakula zabibu mara mia chini ya tangazo la kifo chake. "Acheni njaa, mzee huyu hapa." "Juzi mlimuua, leo tena?" Mwingine akaandika, "Huyu mzee anakufa zaidi ya paka." Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Nilikuwa namwona anatabasamu pale, kofia kichwani, na chumba cha pili ndipo alipolala.

Kwetu mtoto wa kiume ndiye hutangulia na msalaba, na ndiye huanza kutupa udongo. Baba alikuwa na mmoja tu. Ndiyo maana nilikwenda mbele ya wazee, nikapiga magoti, nikaomba mazishi yasogezwe mpaka tujue kijana yuko wapi. Wakasogeza, kwa siku moja. Siku hiyo nilimpigia yule mtu mpaka akaacha kupokea. Nilipiga kwenye ofisi za timu yake ya zamani hapa mjini, wakasema hawajui alipo, na nadhani kweli hawakujua. Jirani mmoja akajitolea kupanda treni kwenda Dar, lakini aende mtaa gani? Mtu aliyefichwa amefichwa.

Jioni wazee wakakaa tena. Mmoja wao, si mtu mbaya, akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu mwenyewe aliacha neno, na wote walilisikia, kwamba kijana akienda kwa watani asimzike. Labda ni mapenzi yake.

Hapo nilisahau kwamba mimi ni mwanamke na kile ni kikao cha wazee. Nilisimama. "Ule ulikuwa utani wa mpira!" niliwapigia kelele. "Mzee aliyekuwa anamwekea mwanaye zabibu za kwanza kwenye bakuli na kitambaa juu, zisiguswe na mtu, huyo ndiye asiyetaka kuzikwa naye? Mnamjua baba yangu, au mmemjulia kwenye simu kama wengine?"

Hakuna aliyenikemea. Baba mkubwa alinishika bega, akanikalisha. Akasema neno la marehemu waliache, lakini mwili hauwezi kungoja dirisha la usajili lifungwe. Nilielewa. Sikukubali, lakini nilielewa.

Siku ya mazishi watu wa tawi walikuja wengi, na bendera ya timu imekunjwa vizuri. Walitaka kuitandika juu ya jeneza. Nilisimama mlangoni. "Mlimuua kwa simu," niliwaambia, "na leo mmekuja kumzika?" Walisimama pale kwenye vumbi na upepo, watu wazima, wameshika bendera yao kama nguo iliyonyeshewa. Mmoja akaanza kulia. Mzee yule alikuwa rafiki wa baba tangu ujana, walikuwa wakisikiliza redio moja. Sikujua kama yeye ndiye aliyetunga ule uongo au la, na sikuuliza. Niliwaachia watandike. Baba angeitaka, na msiba haukuwa wangu peke yangu.

Msalaba nilibeba mimi. Udongo niliutupa mimi. Mchungaji aliposema "mtoto wa marehemu", watu waliangaza huku na huku kabla hawajakumbuka kwamba mtoto wa marehemu ni mimi pia.

Kesho yake tulikuwa tumekaa chini ya turubai, wanawake wanasugua masufuria, wanaume wanazungumza polepole. Simu zikaanza kulia hapa na pale. Watani walikuwa wameahidi kwamba jioni ile wangeshusha chuma, yaani mchezaji wao mpya, na wakashusha. Mtu mmoja akasogeza simu yake mbele yangu. Mdogo wangu alikuwa amevaa jezi mpya, ameshika skafu kwa mikono miwili juu ya kichwa, meno yote nje. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu utoto. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Sasa najua kilichotokea huko, maana alinieleza mwenyewe baadaye. Yule wa kamati hakumfikishia hata neno. Aliona anamlinda kijana asisumbuliwe. Simu yake alirudishiwa ukumbini, palepale baada ya kutambulishwa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunipigia.

Niliona jina lake kwenye kioo. Nilitoka nje ya turubai, nikaenda kusimama kwenye ukingo wa shamba.

"Dada! Umeona?" Sauti ilikuwa inaruka. Nyuma yake kulikuwa na muziki na watu wengi. "Vipi, baba amenuna sana?"

Tangu siku ile ya kwanza ya msiba nilikuwa namwandalia maneno. Nilikuwa nimeyapanga kichwani, makali yote, nikipika, nikilala. Sikupata hata moja.

"Huku kwenye komenti wameanza tena upuuzi wao," alisema. "Mtu ananipa hongera na pole palepale. Hebu mpe baba simu. Hata kama anatukana, nataka nimsikie."

"Mdogo wangu," nikamwambia, "tafuta mahali ukae."

"Siwezi kukaa, dada, wananipiga picha. Mpe baba kwanza."

"Kaa."

Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu. Nikasikia kiti kinavutwa.

"Baba tumemzika jana," nikasema.

 Nilimsikia anavyohema kwenye simu, na karibu naye kabisa nikamsikia mtu akisema, "Cheka kidogo, staa, imebaki picha moja tu."